Gari Inavuta

Kakangu aliandika maneno manne tu kwenye kundi letu la familia la simu: "Leo chukua hizo funguo." Hakuandika pole wala tafadhali. Yeye ni kifungua mimba, anakaa Nairobi, na kazi yake katika ukoo wetu ni kutoa amri akiwa mbali. Kazi ya kuzitekeleza ni yangu mimi niliye karibu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Kitale, na kutoka Kitale hadi kwa baba yetu Bungoma ni mwendo wa saa mbili hivi.

Funguo zilizotajwa ni za kigari cheupe cha baba, kizee lakini kisafi. Baba ana miaka sabini na sita. Tangu mama atutoke, gari hilo ndilo linalomtoa nyumbani kwetu upande wa Mabanga na kumpeleka kanisani, sokoni, na kila Alhamisi Naitiri kwa dada yake mkubwa. Katika ndugu tisa wamebaki wao wawili. Shangazi haoni vizuri tena, na inasemekana kuwa Alhamisi hufungua lango saa tatu kamili na kuketi kwenye kiti chake akisikiliza barabara. Baba hufika na mkate na sukari, wanagombana kuhusu mambo ya mwaka ambao sisi hatukuwa tumezaliwa, kisha anarudi. Kumnyang'anya ufunguo ni kufunga lango la Naitiri, na hilo sote tulilijua, hata kakangu.

Lakini tulikuwa na sababu, na nyingi kati ya hizo nilizikusanya mimi mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa mahindi. Msimu wa mavuno, mtu yeyote aliye na shamba karibu na lami huanika mahindi yake pembeni mwa barabara, juu ya turubai, kwa sababu hapo hukauka haraka kuliko uwanjani. Dereva wa huku hujifunza kukwepa mahindi kabla hajajifunza kurudi nyuma. Baba yangu, aliyeendesha gari miaka arobaini bila kukwaruza hata ukuta, alipita juu ya mahindi ya mama mmoja mchana kweupe. Magurudumu yote mawili ya kushoto yalipanda turubai mwanzo wake na kushukia mwisho wake. Akasimama, akapiga magoti na mwenye mahindi, wakaokota punje moja moja kutoka mtaroni. Mtu akampiga picha akiwa amepiga magoti. Picha ilifika Nairobi kabla mahindi hayajaisha kuokotwa.

Ya pili ilikuwa mkono. Jumapili iliyofuata nilienda kumwona, nikamkuta anamimina chai kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umelazwa mapajani kama mgeni. Mimi sikuuliza maswali mengi. Nilimwambia afumbe macho, anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu. Ni kipimo tunachokifanya kila siku kazini. Mkono wa kushoto ulibaki hewani. Wa kulia ulianza kutetemeka, ukashuka taratibu mpaka ukagusa meza.

"Umechoka tu," alisema baba, kana kwamba anauombea msamaha.

Ya tatu ilikuwa maneno yake. Baba ni mtu wa hadithi. Ukimwuliza habari ya mvua atakupa ya mwaka huu na ya ule wa nzige. Sasa alikuwa anajibu kwa neno moja, mawili, halafu anatazama dirishani. Mkono wa kulia ukilegea na maneno yakapungua, mtu aliyesomea uuguzi hahitaji kuambiwa. Nilijumlisha papo hapo mezani, chai ikiwa bado ya moto, nikapata jibu nisilolitaka. Jioni nilimpigia kakangu nikamwambia nahofia baba amepata kiharusi kidogo, kile kinachopita kimya kikiacha alama. Nilimtafutia daktari Eldoret, nikapewa nafasi Jumatatu ya wiki iliyofuata. Kwa hiyo yale maneno manne ya kakangu, ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeyaandika.

Kuna jambo moja ambalo sikulijumlisha, kwa sababu sikujua kama ni jambo. Majuma kadhaa kabla ya mahindi, baba alinipigia simu. Yeye huniita Mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

"Mama," alisema, "hii gari siku hizi inavuta."

Ni lazima nieleze. Huku kwetu, gari likisemwa linavuta, limesifiwa. Lina nguvu, linapanda mlima bila kukohoa. Na gari la baba lilikuwa limekuwa likikohoa kwelikweli kwenye vilima vya Webuye, mpaka nikamsumbua abadilishe plagi. Basi nilipolisikia hilo neno nilishangilia.

"Si nilikuambia, Papa! Plagi tu! Sasa uone."

"Haya," akasema.

Na siku ile ya chai, nilipokuwa naondoka, alinisindikiza mpaka mlangoni akaniambia tena, "Bado inavuta." Nikamjibu kuwa Mungu ni mwema.

Sasa nilikuwa nimesimama uwanjani kwake Ijumaa asubuhi, nikiwa na uongo niliouandaa njia nzima. Alikuwa anakaza bawaba ya mlango wa banda la kuku, kwa mkono wa kushoto, vibaya. Nilimwambia kuwa nahitaji gari Kitale kwa wiki mbili, eti kuna wagonjwa wa majumbani wa kuzungukiwa na gari la kituo limeharibika. Nilisema haraka, nikamalizia kwa kukohoa. Sijui kusema uongo, na baba ndiye aliyenilea hivyo.

Nilitarajia ubishi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Baba aliniangalia tu, akaweka nyundo chini, akaingia ndani, akatoka na ufunguo uliofungwa kwa uzi na kile kifungulio chake cha soda. Akauweka kwenye kiganja changu na kunifumba vidole juu yake.

"Chunga barabarani, Mama. Hiyo gari inavuta."

"Heri ivute, Papa, nina haraka."

Karibu atabasamu. Niliona mdomo ukianza, halafu ukaacha. Nikajisemea moyoni kuwa hata uso sasa unamsaliti, nikaingia garini kabla sijaanza kulia mbele yake. Alinifungulia lango, akalifunga nyuma yangu. Kwenye kioo nilimwona amesimama akinitazama, na nilijichukia kwa namna ambayo sijawahi kujichukia.

Kilomita za kwanza sikuona kitu kwa machozi. Nakumbuka tu kugundua kuwa usukani umekaa upande. Gari likienda mbele, ile alama ya katikati ya usukani ilikuwa imeinamia kulia, nami nikadhani ndivyo ulivyo uzee wa gari. Kwenye kilima cha Webuye nilikwama nyuma ya trekta la miwa. Nilikanyaga mafuta mpaka sakafuni, gari likatoa sauti ya mtu anayekataa kuamka. "Inavuta nini hii?" nilisema kwa sauti, peke yangu. Hata hapo sikuelewa. Nilimhurumia baba zaidi: maskini, hata nguvu za gari hazijui tena.

Nilikuwa nimepita Kiminini, machozi yameisha na njaa imeanza. Nilikuwa na pakiti ya njugu katikati ya magoti. Barabara ilikuwa imenyooka na tupu mbele yangu, basi nikaachia usukani kidogo nipasue ile pakiti kwa mikono miwili. Ni jambo baya, najua, na nimewatibu watu wengi waliokuwa wakila njugu. Muda niliouachia haukutosha hata kutamka jina langu. Gari liligeuza uso kushoto. Halikuyumba wala halikuteleza. Lilikwenda kushoto kama mtu aliyeitwa. Nilipoinua macho, mbele yangu palikuwa na turubai la njano lililojaa mahindi.

Niliurukia usukani, nikaukata kulia kwa nguvu zote. Gurudumu la mbele lilipita juu ya pembe ya turubai na kusikika likisaga. Njugu zilikuwa zimejaa gari zima. Nilisimama.

Mwenye mahindi alikuja na reki mkononi, mama wa rika langu, leso kiunoni.

"Wewe mama! Umelewa ama macho umeacha nyumbani?"

"Nisamehe dada yangu. Ni gari."

"Gari! Ati gari! Gari inajiendesha?" Akaona sare yangu niliyoitundika nyuma. "Na ni nesi! Si ndio nyinyi mnatuambia tukae salama? Mtatumaliza bana."

"Gari inavuta," nilimwambia, nikimaanisha tu kujitetea. Na nilipolisikia lile neno likitoka kinywani mwangu, kwenye barabara ile, nikalielewa.

Inavuta. Inavuta kushoto.

Nilianza kucheka. Nilipiga magoti kando ya turubai la mwanamke nisiyemjua, nikaokota punje mtaroni huku nikicheka na machozi yakirudi, na yule mama akasogea hatua mbili nyuma na reki yake. Nadhani mpaka leo anasimulia. Alipoona nimeokota mpaka ya mwisho alilainika, akanisaidia kukunja pembe ya turubai, akanishauri nikapumzike.

Kutoka hapo hadi Kitale niliendesha kwa uchunguzi. Nikilegeza mkono, gari linakwenda kushoto. Nikiushika sawa, linanyooka, lakini lazima mkono wa kulia uvute usukani chini bila kupumzika, kilomita baada ya kilomita. Nilifika bega likiwaka moto. Asubuhi iliyofuata nilishindwa kuinua birika kwa mkono wa kulia. Nikasimama mbele ya kioo, nikanyoosha mikono yote miwili, viganja juu. Wa kulia ulianza kutetemeka, ukashuka.

Ningefurahi kusema kuwa hapo ndipo nilipopumua. Sikupumua. Kazi yangu imenionyesha watu wenye malaria na taifodi siku moja, na gari bovu halimzuii mtu kuwa na kiharusi. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: je, ubovu wa gari hili pekee unatosha? Unatosha kumpitisha mtu mwenye macho yake na akili zake juu ya mahindi ya watu, na kumlegeza mkono, bila ugonjwa wowote kusaidia? Jumatatu ya Eldoret ilikuwa keshokutwa, na mimi sikuweza kungoja hata hiyo.

Jumamosi hiyo nilimpelekea gari fundi mmoja nyuma ya maghala ya nafaka mjini Kitale, ambaye wauguzi wenzangu humsifu na kumlalamikia kwa jambo lile lile: hashiki spana mpaka amekuuliza maswali na kukuzungusha mji. Ni mtu wa Bungoma, mwembamba, wa makamo, na herufi za r na l anazigawa anavyopenda yeye. Nilianza kumweleza habari za plagi na kilima. Akainua kiganja.

"Sista, ngoja kwanza. Tuende loundi moja."

Aliniweka mimi kwenye usukani na yeye kando. Alinipeleka kwenye barabara iliyonyooka kuelekea upande wa Moi's Bridge, akaniambia nilegeze mikono pole pole. Gari likaenda kushoto.

"Hapo bado hatujajua kitu," alisema. "Kila balabala iko na mgongo katikati, ndio maji yashuke. Sisi hukaa kushoto, kwa hivyo gari yoyote hupenda kushoto kidogo. Mtu anakuja analia, kumbe ni balabala."

Sikujua kama nataka gari liwe bovu kiasi hicho, lakini nilitaka, nilitaka sana. Akanipeleka kwenye uwanja wa sementi wa ghala moja, tambarare kabisa, pasipo mgongo wala mteremko. Nikalegeza tena. Gari likaenda kushoto, na safari hii alisema, "Ehe."

Tuliporudi, aliweka kiganja chake karibu na rimu za mbele, moja kisha nyingine, kusikia kama kuna breki inayoshika yenyewe na kupata joto. Zote zilikuwa sawa. Akapima upepo wa tairi zote nne, kwa kuwa tairi iliyolegea upande mmoja nayo huvuta. Zilikuwa sawa. Akapitisha kiganja juu ya meno ya tairi ya mbele kushoto, kwenda na kurudi, akafumba macho. Alinishika mkono akanipitishia pale pale. Kwenda kulikuwa laini, kurudi kuliparuza.

"Hii tairi imeburutwa muda mrefu," alisema. "Lakini pengine tairi ndio inavuta. Hatujui."

Akabadilisha zile za mbele, ya kushoto akaipeleka kulia na ya kulia kushoto, tukarudi uwanjani. Kama kosa ni la tairi, alisema, sasa gari litavuta kulia. Lilivuta kushoto. Nilikuwa nimeanza kumpenda mtu huyu. Mimi nilikuwa nimemtazama baba yangu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai nikapata jibu. Yeye alikuwa amelitazama gari saa nzima na bado anasema hatujui.

Halafu akatoa uzi. Ulikuwa uzi mweupe wa waashi, umezungushwa kwenye kipande cha ubao. Alinyoosha magurudumu, akanipa ncha moja niishike katikati ya gurudumu la nyuma upande wa kulia, naye akaenda na uzi mpaka katikati ya gurudumu la mbele, akaukaza, akafunga fundo hapo. Kisha tukahamia kushoto. Nikashika ncha nyuma, yeye akaukaza mbele. Aliniita.

"Njoo uone wewe mwenyewe, Sista."

Fundo lilikuwa limepita katikati ya gurudumu. Lilipita kwa upana wa vidole viwili. Upande wa kushoto wa gari la baba yangu ulikuwa mfupi kuliko wa kulia.

Alipiga jeki, akaingia chini, akanionyesha kwa tochi. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mkono wa chuma, mafundi huuita amu. Wa kulia ulikuwa umenyooka. Wa kushoto ulikuwa umepinda, na raba iliyoushika kwenye bodi ilikuwa imechanika.

"Huyu alipiga shimo. Shimo kubwa. Gurudumu likarudi nyuma, na gurudumu likirudi nyuma, gari inafuata huko. Wewe unasema twende mbere, yenyewe inasema twende kushoto." Akatoka chini ya gari akipangusa mikono. "Nani anaendesha hii gari?"

"Baba yangu."

"Ako na miaka ngapi?"

"Sabini na sita."

"Anaenda nayo wapi?"

"Bungoma. Kanisani. Na Naitiri, kila Alhamisi."

Fundi alilitazama gari, akanitazama mimi.

"Naitiri na kurudi? Na hii?" Akatikisa kichwa. "Huyo mzee ako na mkono, bana. Mimi ningekuwa mtaro saa hii."

Niliketi kwenye tairi kuukuu lililokuwa hapo na nikalia bila aibu. Mkono uliokuwa mgonjwa ulikuwepo kweli, nilikuwa sijaota. Nilikuwa tu nimeushika mkono usio wake. Baba yangu hakuwa amelegea. Baba yangu alikuwa amelibeba gari zima kwa bega moja wiki baada ya wiki, ili dada yake asikilize barabara na kusikia kitu. Lilimshinda mara moja tu, na siku hiyo kulikuwa na mahindi.

"Sista, hii si ya kulia," fundi alisema, akiwa amechanganyikiwa. "Ni amu tu. Tunatafuta ingine, tunafunga, tunapiga araimenti magurudumu yakae sawa, inaisha." Akanipa maji ya chupa. Kisha akauliza, kama mtu anayejaza fomu, "Lakini yeye hakusema?"

"Alisema inavuta."

"Sasa," alisema fundi, "si alisema?"

Nilikunywa maji.

Nilimpigia kakangu palepale, kelele za nyundo zikiwa nyuma yangu. Nilimwambia amu ndiyo iliyopinda. Akauliza ami gani, ami zetu wote si walishafariki. Nikamwambia ni mkono, mkono wa gari, si wa Papa. Akauliza habari ya ile picha. Nikamwambia kuwa kama anataka picha nyingine, mimi pia nimekanyaga mahindi, Ijumaa, karibu na Kiminini, na nikapiga magoti vilevile. Kakangu ni mtu mgumu, lakini alicheka mpaka akashindwa kuongea, na niliposikiliza vizuri haikuwa kucheka peke yake.

Eldoret tulienda hata hivyo. Sikutaka kurudia kosa la kuamini jibu kwa sababu nalipenda. Daktari alimpima baba kichwani, machoni, mikononi, akamwambia aminye vidole vyake, na baba akaviminya mpaka daktari akaomba aachiwe. Hakukuwa na kiharusi, kikubwa wala kidogo. Kulikuwa na bega lililofanyishwa kazi kupita kiasi, lililohitaji kupumzishwa, na miwani iliyohitaji kubadilishwa. Kuhusu miwani baba alibisha. Kuhusu gari tulikubaliana: mvua ikinyesha, haendeshi, na Naitiri inangoja.

Gari lilimaliza siku chache kwa fundi. Alifunga amu mpya, akanyoosha uzi pande zote mbili, akakaza, akalegeza, akanyoosha tena, mpaka fundo likakaa katikati kushoto na kulia. Alitumia siku nzima kwenye usukani tu ili ukae sawa. Nililirudisha Bungoma mwenyewe, Alhamisi alfajiri, baada ya majuma mawili kama nilivyokuwa nimedanganya. Njia nzima gari lilinyooka, na pale Kiminini nilipunguza mwendo nikampungia mkono yule mama wa mahindi. Aliingia ndani.

Baba alikuwa langoni, amevaa koti. Nilimpa ufunguo. Alizunguka gari mara moja, akagusa tairi la mbele kushoto kwa ncha ya kiatu, akaingia. Nikaingia kando yake. Nilikuwa nimeahidiwa kufikishwa Naitiri, kwa kuwa shangazi alikuwa amesikia habari zangu na ana maneno ya kuniambia.

Kwenye ule mnyoosho baada ya Mabanga, barabara ikiwa tupu, aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye usukani, viganja juu, hivyohivyo nilivyokuwa nimemwambia mezani. Gari likaenda mbele, na mikono ikabaki hewani, wa kushoto na wa kulia, na hakuna uliotetemeka.

"Papa, shika gari!"

"Ninapima," alisema, akarudisha mikono.

Maneno yalikuwa yamemrudia. Alinisimulia kuhusu shimo. Lilikuwa njia ya Naitiri, siku ya mvua, limejaa maji hivyo hakuliona. Gari liliruka, likatua, na tangu hapo likaanza kwenda linakotaka. Nilimuuliza kwa nini hakusema kwamba amepiga shimo.

"Ningesema shimo, mngesema mzee haoni. Mngechukua funguo. Nikaona heri nipunguze maneno."

"Tulichukua."

"Mlichukua," alikubali, akacheka yeye mwenyewe.

"Na siku ile nilipokuja na uongo wangu," nilisema, "kwa nini hukukataa? Ulinipa tu."

Alikuwa anatazama barabara. Pembeni mwa lami, mahindi ya watu yalikuwa yameanikwa mbali kadiri jicho linavyofika, na tuliyapita yote bila kugusa hata punje.

"Nilikuambia kwa simu, Mama," alisema. "Nikakuambia kwa chai. Hukusikia. Ndio nikakupatia funguo."

Akawasha taa ya kulia, akavuta usukani kwa ule mkono wake, tukaingia barabara ya Naitiri. Ilikuwa bado robo saa kabla ya saa tatu.